Mfalme wa Siku 326 kwenye Senti ya Tundu

Juzi huko Mtongwe, Likoni, bi mkubwa mmoja alinimwagia mkekani kopo zima la sarafu alizoachiwa na marehemu mumewe. Nyingi zilikuwa senti kumi za shaba, zile pana zenye tundu katikati. Niliokota moja, nikaipangusa kwa kidole gumba mpaka herufi zikajitokeza kulizunguka tundu: EDWARDVS VIII. Nikaigeuza. Pembe za ndovu, na mwaka 1936.

“Huyu naye nani, mwanangu?” akaniuliza. “Mbona wenziwe wote humu ni George?”

Ni swali zuri kuliko alivyodhani. Edward wa Nane alirithi ufalme wa Uingereza tarehe 20 Januari 1936, siku aliyokufa baba yake, George wa Tano. Tarehe 11 Desemba mwaka uo huo alikuwa ameshaondoka, kwa sababu alitaka kumuoa Wallis Simpson, mwanamke wa Kimarekani aliyekwisha kuachika, na serikali yake haikukubali. Siku 326 tu, na hakuwahi kuvishwa taji. Kwao Uingereza sarafu zake hazikuwahi kutolewa ziingie mikononi mwa watu. Huku kwetu zilitoka kwa mamilioni, zikanunua samaki na nazi.

Sababu ni lile tundu.

Mfalme mpya anapoingia, kazi inayochelewa ni sura. Mchongaji hupewa picha za mfalme au mfalme mwenyewe hukaa achorwe. Kisha kinafinyangwa kichwa kikubwa cha plasta, kinapelekwa kukaguliwa, kinarudishwa kurekebishwa, na kikishakubaliwa ndipo kinapopunguzwa kwa mashine mpaka kifikie ukubwa wa sarafu na kuchongwa kwenye muhuri wa chuma. Miezi hupita hapo. Lakini senti kumi na senti tano za Afrika Mashariki hazikuwa na pa kuweka kichwa, maana palipostahili uso palitobolewa. Zilibeba taji na jina la mfalme tu. Kubadilisha jina ni kuchonga herufi mpya, basi. Viwanda vya kufua sarafu vilivyokuwa London na Birmingham vikaendelea na kazi mapema, Edward akiwa bado madarakani. Ukiwa nayo moja, itazame vizuri kwenye mwanga: zile za Birmingham zina herufi ndogo, H kwa kiwanda cha Heaton au KN kwa King’s Norton, za London hazina alama.

Sarafu zenye kichwa nazo zina kisa chao. Tangu enzi za Charles wa Pili, karne ya 17, wafalme wa Uingereza wamekuwa wakipokezana upande kwenye sarafu: huyu akitazama kulia, atakayemfuata atatazama kushoto. Kwenye sarafu zetu za zamani Edward wa Saba anatazama kulia, George wa Tano kushoto. Zamu ya Edward wa Nane ilikuwa kulia, lakini yeye alitaka kushoto, akiamini huo ndio upande uliompendeza zaidi. Mdogo wake, George wa Sita, alipoingia naye akatazamishwa kushoto, kana kwamba kaka yake alikwisha kutazama kulia kama ilivyopasa. Ndiyo maana thumuni za baba na za mwana zote zatazama upande mmoja. Malkia Elizabeth akageukia kulia.

Stempu zilikwenda kinyume kabisa. Uingereza ilitoa stempu za Edward Septemba 1936. Kenya, Uganda na Tanganyika, zilizokuwa na posta moja, hazikutoa hata moja. Barua ziliendelea kubandikwa stempu za mwaka 1935 zenye kichwa cha baba yake, hali marehemu alikuwa kaburini. Mwaka 1938 picha zile zile, jahazi Ziwa Victoria, simba, mlima Kilimanjaro, zikachapishwa upya na kichwa cha George wa Sita.

Stempu inayonigusa zaidi ni ya Februari 1952. Binti mfalme Elizabeth alikuwa anakuja Kenya, na posta ikachukua stempu zilizokuwepo, zenye kichwa cha baba yake, ikazipiga chapa juu yake ya kumkaribisha mgeni. Zilianza kuuzwa tarehe 1. Tarehe 6 baba akafariki, na binti akawa malkia akiwa papa hapa nchini. Kwa hiyo kuna kikaratasi kidogo chenye sura ya mfalme anayeondoka na habari za anayeingia, na waliokichapa hawakulijua hilo.

Bi mkubwa alitaka kujua kama ile ya 1936 ni ghali. Nilimwambia kweli: si ghali, zilifuliwa nyingi mno, na anayekuahidi kiwanja cha Kisauni kwa senti ya Edward anakuhadaa. Nikamsihi jambo moja, asizisugue kwa ndimu na majivu. Shaba ikishang’arishwa hivyo hairudi ilivyokuwa, na mkusanyaji hataitaka.

Chini kabisa ya kopo kulikuwa na senti kumi ya mwaka 1964. Tundu lipo, pembe zipo, ila taji na jina la malkia havipo tena. Baadaye ikaja shilingi ya Kenya yenye uso wa Kenyatta, kisha wa Moi, mpaka Katiba ya 2010, Kifungu cha 231, ikakataza sura ya mtu yeyote kwenye pesa zetu. Nilitia mkono mfukoni nikamtolea sarafu nilizorudishiwa dukani, za toleo la 2018: twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi. Akaishika ya ishirini, akaiweka kando ya senti ya Edward. Kwenye ile ya mfalme, ndovu ni pembe tupu. Kwenye hii yupo mzima, na pembe zake.