Pale Kuko Bibanda: Namna ya Kuchunguza Mahali Panapoogopwa

Hapa Lubumbashi kila mtaa una mahali pake panapoogopwa: nyumba isiyopata mpangaji, njia inayokwepwa magharibi, mti usiokatwa. Wenzangu wa kitivo huniuliza kama ninaamini mambo hayo. Mimi huanza na swali jingine: nani alikufa pale, lini, na kwa nini hakufanyiwa matanga? Nitaeleza hapa hatua ninazofuata.

Hatua ya kwanza ni neno lenyewe. Katika Kiswahili sanifu, kibanda ni nyumba ndogo. Lakini mama mzee wa Katuba akisema, "Pale kuko bibanda", hasemi habari za vijumba. Neno lake ni la Kiluba na Kibemba, na maana yake ni roho mbaya. Wabemba hutofautisha umupashi, roho njema ya mhenga, na icibanda, roho inayodhuru. Kwa hiyo msimulizi akisema kibanda, usiandike mzimu katika daftari lako. Neno alilolichagua limeshakuonyesha anavyomfikiria huyo marehemu.

Hatua ya pili ni kuwasikiliza wasimulizi wengi, kila mmoja peke yake. Katika kambi moja ya zamani ya wafanyakazi niliwauliza wazee watatu kwa nini watu hawapiti njia fulani jioni. Wa kwanza alitaja mwanamke mwenye mtoto mgongoni, wa pili sauti za watu wanaokohoa, wa tatu taa isiyo na mshikaji. Hadithi zilipishana, lakini wote watatu walitaja safu ya miembe. Nilipopata ramani ya zamani ya mji, miembe ile ilikuwa mpaka wa makaburi ya wafanyakazi. Juu yake leo kuna nyumba na bustani za mboga. Yale yanayotofautiana katika masimulizi ni ya msimulizi. Yale yanayorudi kila mara ndiyo ya kuyafuata.

Hatua ya tatu ni kuusoma uvumi bila kuudharau wala kuumeza mzima. Wazee wetu waliwaogopa batumbula, watu waliosemekana kuwateka wapita njia usiku na kuwapeleka kwa Wazungu wakaliwe. Hakuna aliyeliwa. Lakini tangu mwaka 1910 Bourse du Travail du Katanga ilikuwa ikikusanya wanaume vijijini kwa ajili ya migodi, na wengi hawakurudi kwao. Kwa mama aliyebaki kijijini akimngoja mwanawe, neno batumbula lilieleza hasara yake vizuri kuliko karatasi ya mkataba.

Hatua ya nne ni nyaraka, nazo pia huulizwa maswali kama mashahidi wengine. Tarehe 17 Januari 1961, Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito waliletwa kwa ndege hapa mjini. Walifungiwa na kupigwa katika nyumba ya Brouwez, na usiku ule ule wakapigwa risasi porini, upande wa Shilatembo. Baadaye miili ilifukuliwa na kuyeyushwa kwa asidi. Mwezi wa Februari serikali ya Katanga ilitangaza kwamba walitoroka na kuuawa na wanakijiji. Mtafiti ambaye angeshika tangazo lile peke yake angeshika uongo wa serikali. Mwaka 2022 Ubelgiji ilirudisha jino moja la Lumumba. Jeneza lake lilipitishwa Shilatembo kabla ya kuzikwa Kinshasa, na watu wakalia matanga yaliyokuwa yamengoja miaka 61. Mpolo na Okito hawana hata jino.

Hatua ya tano ni kwenda mahali penyewe. Omba ruhusa kwa chefu wa mtaa na kwa mwenye nyumba. Nenda mchana, pamoja na mwenyeji. Piga hodi hata kama nyumba ni gofu. Usimwite marehemu kwa mzaha ili uone kama atajibu, usiokote kitu, usipige picha ya mtu anayelia. Usilipe fedha kwa hadithi za kutisha, kwa maana ukizilipia zitaongezeka. Familia ikitaka kusali kwanza, vua kofia ungoje.

Heshima hiyo si kwa wafu tu. Katika nchi yetu watoto hufukuzwa nyumbani na wazee hupigwa kwa kusingiziwa uchawi. Ukiandika kwamba nyumba fulani ina uchawi na ukataja namba yake, kesho watu watamtafuta mchawi, na wanayempata mara nyingi ni bibi mjane au mtoto yatima. Kwa sababu hiyo siandiki anwani, wala jina la mtu aliye hai bila idhini yake. Kama jambo linaweza kumletea jirani madhara, hubaki katika daftari langu.

Hatua ya mwisho ni kurudisha kazi kwa waliokupa habari. Wale wazee watatu niliwasomea kurasa zangu, kwa Kiswahili chao na si kwa Kifaransa. Mmoja alisahihisha idadi ya miembe. Mwingine alinyamaza kwa muda, kisha akataja watu wawili waliozikwa pale, mmoja akiwa kaka yake. Tukaandika majina yao, kijiji walikotoka na kazi waliyofanya. Orodha ya makaburi yale sasa ina majina kumi na moja. Nani mwingine ana babu aliyekwenda migodini asirudi? Alete jina, daftari bado lina kurasa.