Wati 4 zaweza kuizima sabufa ya "wati elfu"

Haya wadau, leo tuweke siasa pembeni kidogo, tuongee muziki. Sio wanamuziki na ugomvi wao, hapana, tuongee mashine zenyewe zinazotuletea muziki.

Pita duka lolote la elektroniki, iwe Kariakoo au pale Chalinze stendi, utakuta vijana wamezunguka sabufa wanasoma maandishi ya kwenye boksi kama wanasoma matokeo ya fomu foo. "Hii wati elfu tatu." "Acha wewe, ile pale elfu nane, na bei ni ile ile!" Mshiko unatoka, boksi linafungwa juu ya bodaboda, safari ya Ubena Zomozi au Kiwangwa inaanza. Miezi miwili baadaye mashine inakoroma kama mtu mwenye mafua, na fundi anasema koili imeungua.

Sasa sikia kioja. Huko nje kuna watu wazima na akili zao, wengine na pesa ndefu, wanaosafiri mbali ili wakae siku mbili tatu wasikilize amplifaya za wati 8, wati 4, hata wati 2. Ulaya wana mkutano wao unaitwa European Triode Festival, ambapo watu wanakuja wamebeba mashine walizojitengenezea nyumbani. San Francisco kuna Burning Amp, ilianza 2007. Wajapani ndio usiseme, wao tangu kabla ya vita ya pili wana mikahawa ya jazi: unaagiza kahawa, unafunga mdomo, unasikiliza sahani kwenye spika kubwa kama kabati. Nyingi ya mashine hizo zinatumia valvu, vile vichupa vya glasi vinavyowaka rangi ya chungwa, teknolojia ambayo babu zetu waliiona kwenye redio za mbao.

Je, wamechanganyikiwa? Hapana. Wanajua kitu kimoja ambacho muuza sabufa hatakuambia: wati sio sauti.

Wati ni kipimo cha umeme ambao amplifaya inausukuma kwenda kwenye spika. Spika ikishaupokea inafanyia nini? Inaupoteza karibu wote! Spika ya kawaida ya boksi dogo inageuza chini ya asilimia moja ya umeme huo kuwa sauti, uliobaki wote unakuwa joto kwenye koili. Ndiyo maana koili zinaungua. Kwa maneno mengine umenunua pasi inayoimba kidogo.

Spika hazilingani kwa hilo, na ndipo hadithi ilipo. Watengenezaji wanapima hivi: ipe spika wati 1, kaa mita 1 mbele yake, soma desibeli. Spika ndogo za nyumbani zinatoa kama 84 hadi 88. Spika zenye ufanisi mzuri zinafika 95, 98, 100. Zile honi za bati unazoziona juu ya mnara wa msikiti au kwenye gari la matangazo zinapita 105. Utasema tofauti ya 84 na 98 ni ndogo? Taratibu. Desibeli hazihesabiwi kama shilingi. Kila unapoongeza wati mara mbili unapata desibeli 3 tu. Ukitaka desibeli 10 zaidi, yaani sikio lihisi kelele imekuwa kama mara mbili, lazima uzidishe wati mara kumi.

Chukua kalamu. Sabufa yenye wati 30 za kweli na spika ya 84: inafika kama 99 mita moja mbele yake. Amplifaya ya valvu yenye wati 4 tu, lakini imeungwa na spika ya 98: inafika 104. Wati nne zimeipita thelathini, tena kwa mbali! Na ukiwa umekaa chumbani unasikiliza kwa ustaarabu, desibeli 78 hivi, ile spika ya 98 inahitaji sehemu moja ya mia ya wati. Soma tena hapo. Wati zingine zote zimekaa benchi zinasubiri mpiga ngoma agonge kwa nguvu.

Na zile "elfu nane" za kwenye boksi? Mara nyingi utaona herufi PMPO pembeni. Hicho sio kipimo kinachotambuliwa na mtu yeyote makini, kila kiwanda kinajipangia namba kinavyotaka. Dawa yake ni rahisi: igeuze mashine, soma kibandiko cha nyuma panapoandikwa umeme inaokula. Kama kimeandikwa 60W, basi haiwezi kutoa elfu nane, haiwezi kutoa hata 60 mfululizo, labda iwe imejifunza uchawi. Fanya hivyo dukani mbele ya muuzaji halafu mwangalie usoni.

Turudi kwenye honi, maana hiyo kitu sisi watu wa pwani tunaijua kabla ya umeme. Ukimwita mtu ng'ambo ya mto unafanyaje? Unaweka mikono mdomoni. Hujaongeza pumzi, umeisaidia sauti kuushika upepo vizuri zaidi. Siwa, baragumu, zumari, vyote vinapanuka mdomoni kwa sababu hiyo hiyo. Spika ya honi nayo ni hivyo: kidude kidogo kinachotikisika ndani, mbele yake mdomo unaopanuka polepole.

Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, wengi waliozinunua walizipigia kwenye gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Pale hakuna wati hata moja. Sindano inatikisika kwenye mfereji wa santuri, inatikisa kiwambo chembamba, tarumbeta inamalizia kazi, na watu waliokaa barazani wanasikia kila neno. Sinema nazo zilipoanza kusema, mwishoni mwa miaka ya 1920, kumbi kubwa za watu mamia zilijazwa sauti na amplifaya za valvu za wati chache, kwa sababu nyuma ya pazia kulikuwa na honi kubwa kuliko mlango. Wahandisi wa wakati ule hawakuwa na namna: wati zilikuwa ghali, kwa hiyo akili yote waliitia kwenye spika. Transista zilipokuja wati zikawa rahisi, na spika zikaruhusiwa kuwa ndogo na zembe.

Na msidhani mambo haya ni ya wazungu na Wajapani peke yao. Mchiriku je? Muziki wa Wazaramo wa uswahilini Dar, ambao huku Bagamoyo wala hauhitaji utambulisho: kinanda kidogo cha Casio, ngoma, amplifaya kuukuu, na honi za matangazo, basi mtaa mzima haulali. Jagwa Music wa Mwananyamala walifika Ulaya na mtindo huo, na albamu yao ya Bongo Hotheads ilitolewa na lebo ya Crammed Discs ya Ubelgiji mwaka 2012. Wazungu waliandika sana kuhusu ile sauti inayokwaruza. Kukwaruza ni ladha yao, lakini angalia hesabu: vifaa vya bei ndogo vinawarusha watu uwanjani, bila ukuta wa spika. Siri ni ile ile. Mashine sio za valvu, najua, msinirukie.

Sasa valvu zenyewe zina nini cha ziada? Hapa watu wanagombana mpaka kuvunjiana heshima, mimi nitasema ninavyoelewa. Transista ya amplifaya ya kisasa inaongeza sauti kwa usafi mkubwa mpaka inapofika mwisho wa uwezo wake, halafu inakata ghafla, kama kisu. Hapo ndipo unasikia "kraa!" Valvu inapokaribia mwisho haikati, inajikunja taratibu. Hasa zile za aina ya trayodi, kama 2A3 ya mwaka 1933 inayotoa wati 3 na nusu hivi, au 300B ya Western Electric iliyotoka 1938, kama wati 8, zikitumika moja kwa kila upande. Kasoro zinazoongeza ni za oktavu, yaani noti ile ile ikiimbwa juu kidogo. Sikio linaipokea kama utamu, kama vile mtu wa pili anaitikia. Lakini ni kasoro! Anayekuambia valvu ni sauti safi kuliko zote anakuuzia kitu. Ni sauti tamu, kwa muziki fulani, kwenye spika inayoelewana nayo.

Muziki gani? Sauti za watu na magitaa, kwanza kabisa. Kwa bahati nzuri hiyo ndiyo hazina yetu. Chukua Cuban Marimba ya Salum Abdallah, Atomic Jazz ya Tanga, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Wamerekodiwa kwa maikrofoni chache, chaneli moja, na miaka hiyo amplifaya nyingi za magitaa duniani zilikuwa za valvu. Rekodi zile hazina besi nzito ya kutikisa bati. Kila kitu kipo katikati, pale ambapo spika nyepesi ya karatasi inafanya kazi vizuri kuliko yote. Ukizipigia kwenye sabufa, besi inavimba bure na sauti ya mwimbaji inazama kama imefunikwa blanketi.

Ila kwa singeli au hip hop, kaka zangu na dada zangu, tusidanganyane, wati 4 zitakuangusha. Besi ina sheria yake ngumu: boksi dogo, besi ya chini, ufanisi mkubwa, chagua viwili, cha tatu sahau. Wimbi la sauti ya hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7. Honi ya kulibeba wimbi hilo itajaza sebule, mama mwenye nyumba atakufukuza wewe na honi yako. Sabufa imechagua udogo na besi, kwa hiyo lazima ile wati nyingi. Sio mbaya, ni chaguo, tatizo ni kudanganywa namba.

Kingine: msidhani valvu itaokoa LUKU. Inakula umeme hata muziki ukiwa umenyamaza. Valvu ndogo kama EL84, iliyokuwa kwenye redio nyingi za miaka ya 1950 na 1960, inahitaji karibu wati 5 kuwasha moto wake tu na kama 12 nyingine kufanya kazi, ndipo ikupe wati 5 za muziki. Ukitaka kubana umeme, chukua kibodi kidogo cha kisasa cha wati 3 au 10 na uweke pesa yako kwenye spika yenye ufanisi. Kwa mtazamo wangu hilo ndilo somo lenye faida kwa mtu wa Bagamoyo asiye na mamilioni. Valvu ni starehe, spika ni hesabu.

Na masikio? Desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku ndiyo kiwango ambacho wataalamu wengi wa usalama kazini wanakiweka kama mpaka, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Kwenye 100 una robo saa. Honi ya mchiriku ukiwa umesimama mbele yake inapita hapo mapema sana. Simama nyuma ya mti.

Sasa suala linaloniuma. Redio za valvu bado zimelala kwenye vyumba vya wazee, Bagamoyo mjini, Pangani, Tanga, Unguja, zingine zimesikiliza Sauti ya Dar es Salaam tangu ilipoanza 1951. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita na mizani wanazichukua kwa kilo. Kabla mzee hajauza, mwambie asubiri. Lakini na wewe USIICHOMEKE kwenye umeme ili ujaribu! Ndani mna volti 250 hadi 400, na kapasita zinabaki na umeme hata baada ya kuchomoa. Baadhi ya redio hizo bodi lake la chuma limeungwa moja kwa moja na waya wa ukutani, ukigusa skrubu umegusa TANESCO. Kapasita za miaka 60 zimekauka au zinavuja, zinaweza kuchoma transfoma ambayo hutaipata tena. Mpelekee fundi anayezijua, na mafundi hao wanazeeka. Kama una amplifaya ya valvu iliyo hai, usiiwashe bila spika kuungwa, transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua.

Redio ikiwa imekufa kabisa, bado toa ile spika yake ya karatasi. Kwanza pima kwa mita ya fundi: kama inasoma kati ya ohm 3 na 8, una bahati. Baadhi ya Philips za zamani zina spika za ohm 800, hizo hazitafanya kazi na kibodi cha kisasa. Tafuta ubao mpana, hata mlango wa kabati bovu, toboa tundu, ifunge hapo, usitengeneze boksi. Unga kibodi cha wati 3, unga simu, weka Salum Abdallah, halafu usiongeze sauti. Kaa mita mbili.