Siku 150 za Kutafuta Maji: Wachezaji wa Gemu Gumu Watueleza

Jumatano moja baada ya swala ya Isha, mama mmoja wa hapa Magomeni alitusubiri nje ya ofisi ya kamati ya msikiti. Hakuja kuuliza habari za madrasa wala za mchango. Alilalamika kwamba mwanawe wa kidato cha nne anarudi nyumbani usiku wa manane, haamki Alfajiri, na akiulizwa alikuwa wapi hujibu kuwa alikuwa akitafuta maji. "Maji gani hayo, Ustadhi, na bomba tunalo uani?" alituuliza.

Kamati ilikaa. Wapo wajumbe waliotaka chumba wanachokutania vijana hao, kilichopo upande wa Mapipa, kifungwe mara moja. Sisi tulisema si uadilifu kulihukumu jambo tusilolijua. Basi tukakabidhiwa kazi ya kwenda kuona na kusikiliza, nasi tukaenda jioni tatu mfululizo.

Mchezo wenyewe

Chumba ni cha kijana fundi wa kompyuta mwenye meza yake Kariakoo. Ana mashine tatu kuukuu alizozifufua mwenyewe. Mchezo unaochezwa humo unaitwa Fallout, uliotolewa na kampuni ya Interplay ya Marekani mwaka 1997, kabla wengi wa wanaoucheza hawajazaliwa. Vijana walivutiwa nao baada ya tamthilia yenye jina hilo kuanza kuonyeshwa Aprili 2024. Matoleo yake mapya yanadai mashine za bei kubwa, lakini hili la kale huendeshwa na kompyuta ambayo dukani haina tena mnunuzi.

Kisa chake ni hiki. Mwaka 2077 mataifa makubwa yanarushiana mabomu ya nyuklia na dunia inaungua. Watu wachache wanasalimika ndani ya mahandaki huko California, na vizazi vyao vinaishi chini ya ardhi. Ifikapo mwaka 2161, kifaa cha mtambo wa maji katika handaki namba 13 kinaharibika. Mchezaji anatumwa nje, peke yake, akatafute kingine. Amepewa siku 150, na zikimalizika hajakipata, watu wake wanaangamia kwa kiu na mchezo unakuwa umekwisha.

Siku hizo huhesabiwa ndani ya mchezo, na kila safari ya jangwani hula kadhaa kati yake. Kabla ya kutoka, mchezaji hugawa alama katika sifa saba: nguvu, utambuzi, ustahimilivu, haiba, akili, wepesi na bahati. Hazitoshi kuzijaza zote. Anayeipunja akili kupita kiasi hugundua kwamba mtu wake hawezi hata kuzungumza na watu ipasavyo. Mapigano huenda kwa zamu, kama bao au drafti. Hakuna mshale wa kuonyesha njia, na maelezo yote ni ya Kiingereza.

Wanavyosema wachezaji

Mwanafunzi mmoja wa chuo alituambia kwamba aliuawa mara sita na panya wakubwa walio katika pango la mlangoni, kabla hajauona mwanga wa jua. Hata hivyo anausifu. "Magemu ya siku hizi yanakushika mkono kama mtoto wa chekechea," alisema. "Hili linakuacha ukosee, halafu unabaki na kosa lako."

Dereva wa bodaboda hakukubaliana naye. Yeye alipoteza siku 40 akizunguka jangwani bila kujua aelekee wapi, na kwa maoni yake huko ni kuonewa. "Mimi sijakataa kufikiri. Nimekataa kuadhibiwa kwa jambo ambalo sikuambiwa." Anayo hoja. Watengenezaji wenyewe waliweka pia kikomo cha pili cha siku 500 katika sehemu ya baadaye ya mchezo, kisha wakakilegeza walipotoa marekebisho. Zile siku 150 za maji hawakuziondoa.

Yule kijana wa kidato cha nne tulimkuta na kamusi pembeni. Alisema maneno ya Kiingereza aliyoyapata humo ni mengi kuliko ya darasani, kwa kuwa asiyeelewa anachoambiwa hafiki popote. Tulimsadiki. Ila tulimuuliza pia kuhusu Hisabati, akanyamaza.

Mji wenye kifaa

Mazungumzo yaliyotugusa zaidi yalihusu mahali kifaa kinapopatikana. Kipo chini ya mji unaoitwa Necropolis, wanamoishi watu walioharibiwa sura na mionzi, ambao hakuna anayewatamani kuwa jirani. Kifaa unachokitafuta ndicho kinachowapatia wao maji. Ukikichukua na kuondoka, umewaokoa watu wako na umewakatia wenzako. Ipo pampu mbovu mjini humo, na mwenye ujuzi akipata vipuri anaweza kuitengeneza kwanza ndipo achukue kifaa. Hakuna anayemlazimisha kufanya hivyo.

Tuliwauliza wachezaji watano walifanya nini. Watatu walichukua wakaenda zao. Mmoja wao alisema waziwazi: "Watu wangu kwanza." Wa nne, yule wa kidato cha nne, alikuwa hajafika huko. Aliyetengeneza pampu ni mmoja tu, dada yake fundi, ambaye hucheza nyumbani mchana. Alieleza kwa utulivu: "Nitawapelekeaje watu wangu maji niliyoyatoa vinywani mwa wengine?"

Chumba kikawaka moto. Wengine walisema muda ulikuwa umewabana, wengine kwamba wale si watu halisi. Ndipo dereva wa bodaboda akakumbusha mgao wa maji wa Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na jiji zima likahaha. Alisema siku zile kwenye kisima cha mtaani kwao wapo waliofika na madumu ishirini wakayajaza yote, huku wajane wakisubiri nyuma na ndoo moja. "Na wale nao walikuwa wanasema watu wangu kwanza," alisema. Hakuna aliyemjibu haraka.

Jambo jingine walilokubaliana ni kwamba mkuu wa maadui, mwishoni, anaweza kushindwa kwa hoja na ushahidi bila kufyatuliwa risasi, endapo mchezaji alijishughulisha kuukusanya ushahidi huo. Mchezo unapofungwa, husimuliwa hatima ya kila mji uliopitia, mwema na mwovu.

Yasiyofaa

Wazazi wasidhani kwamba tunausafisha. Humo mna ulevi, dawa za kulevya, kamari na ukahaba, na mchezaji anaweza kumuua yeyote, hata mtoto. Marekani kwenyewe uliwekwa katika daraja la watu wazima. Si mchezo wa watoto wa madrasa. Tena nakala zilizomo chumbani zilikuwa zimenakiliwa kwa flashi bila kulipiwa. Tulimwambia fundi kwamba jasho la mtu ni haki yake hata akiwa ng'ambo, naye akaahidi kununua.

Kuhusu muda, wale wanaowaambia mama zao kwamba mchezo haukatiki hawasemi kweli. Mchezo huu hukuruhusu kuhifadhi ulipofikia na kuendelea kesho. Mzee mmoja wa kamati, bingwa wa bao tangu ujana wake, alicheka tuliposoma taarifa. Alikiri kwamba yeye naye alishawahi kukawia Maghrib kwa ajili ya kete, na baba yake hakuuchoma ubao. Alikuja kuketi barazani, akawa anamwinua wakati ukifika.

Tuliyoafikiana

Chumba hakikufungwa. Fundi amekubali kukifunga kuanzia adhana ya Maghrib, na kisifunguliwe tena usiku. Wenye umri chini ya miaka 18 hawatauchezea mchezo huu humo, na mtahiniwa yeyote hataingia hadi amalize mitihani. Wazazi wawili wamejitolea kupita kwa zamu, wakae na kuuliza, wasiishie mlangoni.

Yule kijana alikuwa amefikia siku ya 131. Alimwomba fundi asilifute faili lake, na fundi akalihifadhi. Wiki iliyofuata mama yake alikuja tena ofisini, safari hii kushukuru, kwa kuwa mwanawe sasa yuko nyumbani na vitabu. Alipofika mlangoni aligeuka akatuuliza kama wale watu wa handaki walipata maji. Tulimjibu kwamba bado, zimebaki siku 19, na zitasubiri mpaka Novemba mtihani uishe.