Donge la Damu Lisilouma

Mchana wa tarehe 16 Juni 1783, jijini London, Samuel Johnson alikaa kuchorwa picha, kisha akatembea mwendo mrefu bila shida. Alikuwa na miaka 73, na Uingereza nzima ilimjua kwa kamusi kubwa ya Kiingereza aliyoitoa mwaka 1755. Jioni alijisikia mwepesi, akaenda kulala. Usiku ule ule akaamka, akaketi kitandani, na kwa kama nusu dakika akahisi kichwa kimevurugika.

Hofu yake ya kwanza ilikuwa kwamba akili imemtoka. Akajipa mtihani: akatunga sala kwa beti za Kilatini. Beti hazikuwa nzuri, naye alitambua hivyo, na hilo likamtuliza, kwa kuwa asiye na akili hawezi kuona ubovu wa shairi lake. Kisha akajaribu kusema. Maneno hayakutoka. Akanywa divai akidhani itamfungua ulimi, akajitikisa mwili, hakuna kilichobadilika. Akarudi kulala. Kulipokucha alimwandikia mtumishi wake karatasi, na mtumishi akabaki ameduwaa, asielewe kwa nini bwana wake anampa maandishi badala ya kumwambia kwa mdomo. Hata mkono ulikuwa ukikosea herufi.

Siku hizo hapakuwa na mashine ya kuona ndani ya fuvu, lakini daktari yeyote wa leo akisimuliwa usiku ule atataja kiharusi katika nusu ya kushoto ya ubongo, ambako kwa watu wengi ndiko usemi ulipo. Siku mbili baadaye Johnson alimweleza rafiki yake kwa barua yote yaliyompata, na humo akaandika jambo ambalo kila familia ingepaswa kulijua: hakuhisi maumivu yoyote.

Kiswahili kinafunga ugonjwa na maumivu katika neno moja. Mgonjwa anaumwa. Tukimkuta amejilaza tunamwuliza, “Unaumwa nini?” Akijibu kwamba hapaumi popote, moyo unatulia. Ubongo, kiungo kinachopokea habari za maumivu ya mwili mzima, wenyewe hauna neva za kuhisi maumivu. Sehemu yake inaweza kufa kwa kukosa damu huku mwenyewe hasikii hata mchomo. Baba anaamka mkono wa kulia hauna nguvu, anaambiwa ameulalia. Bibi anaanza kuchanganya maneno mezani, anaambiwa ni uchovu, apumzike kidogo. Apumzike mpaka lini?

Kiharusi huja kwa njia mbili. Ama mshipa wa damu ubongoni unapasuka, ama unaziba, na duniani kote kuziba ndiko kwingi zaidi. Kinachoziba mara nyingi ni donge la damu iliyoganda. Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, na hauna akiba. Mfereji ukizibwa, shamba lililo mbele yake huanza kukauka palepale.

Kuganda kwa damu kwenyewe ni neema. Bila huko, mtoto aliyejikata kwa wembe angevuja hadi afe. Balaa huanza damu inapoganda ndani ya mshipa mahali pasipo na jeraha la kuziba. Katika karne ya 19 Rudolf Virchow, daktari wa Kijerumani, alichunguza maiti nyingi na kuonyesha kwamba donge linaweza kuzaliwa mahali pamoja, likasafiri na damu, likanasa mbali. Hadi leo madaktari huhusisha jina lake na mambo matatu yanayoligandisha: ukuta wa mshipa ulioharibika, mwendo wa damu uliozorota, na damu yenyewe kuwa nyepesi kuganda.

Ukuta ndio wenye habari ndefu. Mkazi wa Dar es Salaam anayetumia maji ya kisima chenye chumvi anajua bomba linavyojijaza ukoko kidogo kidogo hadi maji yanatoka kwa kudondoka. Presha iliyo juu kwa miaka mingi huukwaruza ukuta wa mshipa, sigara na sukari ya kisukari huuchoma, na mafuta ya kolesteroli hujipenyeza katika mikwaruzo hiyo na kutengeneza ukoko. Siku ukoko unapopasuka, damu hudhani imekutana na jeraha na kukimbilia kuliziba. Donge hilo linaweza kufunga njia ndani ya dakika chache. Nayo presha haiumi. Mtu anaweza kuishi nayo miaka 10 akilima, akiuza duka, akicheza ngoma harusini, asijue lolote mpaka siku anapofungwa ule mkanda wa kipimo mkononi. Wengi hufungwa mkanda huo kwa mara ya kwanza wakiwa tayari wamepooza.

Mwendo wa damu huzorota hasa ndani ya moyo. Kuna watu ambao vyumba vya juu vya moyo wao vimeacha kukamua kwa mpangilio, vinatetemeka tu. Damu hutuama pembeni kama maji ya dimbwi, huganda, kisha kipande hukatika na kupanda ubongoni. Hali hiyo huongeza hatari ya kiharusi kwa takriban mara 5. Huko Ulaya ni ugonjwa wa wazee zaidi; kwetu huwapata hata vijana, kwa sababu mafindofindo ya utotoni yasiyotibiwa vizuri yanaweza kuharibu valvu za moyo, na madhara yakaonekana miaka mingi baadaye.

Kisha damu yenyewe. Jina la ugonjwa wa selimundu linajieleza: seli zilizopinda kama mundu, zinazokwaruza mishipa na kunasa njiani. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambako watoto wengi zaidi huzaliwa nao, na mtoto mwenye selimundu anaweza kupata kiharusi kabla hajaanza shule. Mzazi wa mtoto huyo aulize kliniki kama kuna kipimo cha ultrasaundi cha mishipa ya kichwa na dawa ya haidroksiyurea. Virusi vya UKIMWI navyo huongeza hatari, jambo lililothibitishwa na utafiti uliofanyika Tanzania.

Ujauzito na wiki za baada ya kujifungua pia huifanya damu igande kwa wepesi, na hapa donge huweza kukaa katika vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, badala ya ateri. Ndivyo ilivyomtokea Hillary Clinton mwishoni mwa mwaka 2012, ingawa kwa sababu nyingine. Akiwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani aliugua tumbo, akaishiwa maji mwilini, akazimia na kugonga kichwa. Baada ya wiki kadhaa madaktari waliona donge katika vena iliyo kati ya ubongo na fuvu, nyuma ya sikio la kulia. Walimpa dawa za kuzuia damu kuganda, naye hakupata kiharusi. Donge la vena ndilo linaloenda kinyume na yote yaliyosemwa hapo juu kuhusu maumivu: hili huuma. Kichwa huuma kwa siku nyingi na huzidi mtu akilala au akikohoa, macho huona ukungu, na wengine hupata degedege. Mama aliyejifungua wiki mbili zilizopita akiwa na kichwa cha namna hiyo asiishie kununua panadoli dukani.

Kwa donge la ateri, dalili hutegemea mahali lilipokaa, na zote zina sifa moja: huja ghafla. Uso hushuka upande mmoja, na ukimwambia mtu atabasamu, pembe moja ya mdomo haipandi. Ukimwambia anyooshe mikono yote miwili mbele, mmoja huporomoka. Ukimwambia arudie sentensi fupi, ulimi huwa mzito, au maneno hutoka mengi lakini hayana maana. Donge likikaa nyuma ya ubongo, sura ya ugonjwa hubadilika kabisa: kizunguzungu kikali, kuona vitu viwili viwili, kutapika, kupepesuka. Mtu wa namna hii huambiwa ana malaria, au, vibaya zaidi, kwamba amelewa, akaachwa barazani alale hadi pombe imtoke.

Upande wa kulia wa ubongo una hila yake. Tarehe 2 Oktoba 1919 Rais Woodrow Wilson wa Marekani alipooza upande wa kushoto wa mwili, ambao huongozwa na ubongo wa kulia, na baadaye daktari wake mmoja alilieleza taifa kwamba ni damu iliyoganda katika mshipa wa ubongo. Mkewe na daktari wake mkuu waliwaficha wananchi ukubwa wa ugonjwa kwa miezi. Wilson mwenyewe hakuonekana kuuelewa. Mwaka uliofuata bado alikuwa na matumaini ya kugombea tena urais. Sehemu ile ya ubongo ndiyo hulinda hesabu ya mwili wetu wenyewe. Ikikosa damu, mgonjwa anaweza kusema kwa dhati kwamba yuko mzima, na pengine akaukana mkono wake uliolegea kama vile ni wa mtu mwingine. Basi akisema “sina neno, niacheni,” huyo siye wa kusikilizwa. Wenye macho ni walio pembeni yake.

Zaidi ya yote, isipuuzwe dalili inayopita. Mkono unakufa ganzi dakika 10, au jicho moja linafunikwa na giza kama pazia, kisha kila kitu kinarudi. Familia inashukuru Mungu na kurudi kazini. Kumbe donge dogo lilinasa, likayeyuka, na lililolitoa bado lipo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 huko California uliwafuatilia watu 1,707 waliofika hospitali na tukio la namna hiyo. Ndani ya siku 90, watu 180 kati yao walipata kiharusi kamili, na nusu yao, watu 91, walikipata katika siku 2 za kwanza. Kama mtu angepewa onyo moja tu maishani, hili ndilo lenye thamani kubwa, maana presha, moyo na damu vikishughulikiwa siku ileile, kiharusi kingi hakitokei.

Kwa nini haraka? Mwaka 2006 Jeffrey Saver, daktari wa ubongo huko California, alikokotoa kwamba mshipa mkubwa ukiziba, mgonjwa hupoteza seli za ubongo milioni 1.9 kila dakika. Lakini kuzunguka eneo lililokufa kuna eneo lenye njaa ambalo bado liko hai, likisubiri damu. Hilo ndilo linalogombewa. Mwaka 1995 ilithibitishwa kwamba kuna dawa inayoyeyusha donge ikitolewa ndani ya saa 3, na mwaka 2008 muda huo ukasogezwa hadi saa 4 na nusu. Baadaye zikaja nyaya nyembamba zinazopitishwa kwenye mshipa wa paja hadi kichwani kulivuta donge lenyewe. Tafiti za mwaka 2015 zilionyesha kwamba zinafanya kazi. Matibabu hayo bado hayapatikani kila mahali kwetu, ila mashine za CT scan sasa zimefika hospitali za rufaa za mikoa Tanzania, na bila picha hiyo hakuna anayeweza kujua kama mshipa umeziba au umepasuka.

Tofauti hiyo ni ya kufa na kupona. Ariel Sharon, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Israeli, alipata kiharusi kidogo cha donge tarehe 18 Desemba 2005, akaanzishiwa dawa za kuzuia damu kuganda. Tarehe 4 Januari 2006, siku moja kabla ya kuzibwa tundu dogo lililogunduliwa moyoni mwake, ubongo ulivuja damu nyingi. Hakuamka tena hadi alipofariki mwaka 2014. Kama dawa hizi zina makali hayo mikononi mwa mabingwa, aspirini ya kukisia nyumbani si ya kumpa mtu aliyeanguka sasa hivi.

Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti walihesabu viharusi vipya wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, na katika sehemu za Dar es Salaam. Walipata 636. Baada ya kusawazisha umri, Dar ilikuwa na watu 316 kwa kila 100,000 kwa mwaka, Hai 109. Utafiti mwingine ukauliza watu wa sehemu hizo mbili wanadhani chanzo ni nini. Huko Hai wengi walitaja presha, vyakula vya mafuta na mawazo. Waliotaja mashetani na uchawi zaidi walikuwa wa Dar, mahali ambapo hospitali kubwa za nchi ziko karibu. Mtu kubadilika ghafla, ulimi ukafungwa, uso ukapinda, bila homa wala jeraha: si ajabu aliye pembeni akaona mkono wa jini. Dua isomwe, lakini isomwe ndani ya gari linaloelekea hospitali.

Njiani asipewe maji wala uji wala chai ya sukari, kwa sababu koo lililopooza hupeleka chakula mapafuni. Alazwe kwa ubavu. Asitobolewe vidole kwa sindano kama unavyoshauri ujumbe unaozungushwa kwenye simu. Damu ya kidoleni haifungui mshipa wa kichwani. Dawa anazotumia zibebwe zote katika mfuko mmoja.

Na kabla ya kufunga mlango wa nyumba, mtu mmoja atazame saa na akumbuke ni lini mara ya mwisho mgonjwa alionekana mzima. Akiamka tayari amepooza, muda unahesabiwa tangu alipokwenda kulala. Hospitalini ndilo swali la kwanza, na mgonjwa mwenyewe huenda asiweze kulijibu.