Kuiachia Programu Kazi ya Kujibu Menyu

Menyu ya maandishi ni orodha ya machaguo yenye nambari, ambayo programu iliyo katika kompyuta ya mbali humwonyesha mtumiaji, humngoja ajibu, kisha humpeleka kwenye orodha nyingine kulingana na jibu lake. Mkazi wa Kisumu Ndogo, Malindi, anayebonyeza *334# ili anunue tokeni za umeme kwa M-Pesa, huduma ya pesa ya kampuni ya simu ya Safaricom, huitumia menyu ya aina hiyo: huchagua kulipa bili, huandika nambari ya biashara ya Kenya Power, 888880, nambari ya mita, kiasi cha pesa na nambari ya siri, na mwishowe hupokea kwa ujumbe mfupi tokeni yenye tarakimu 20. Mazungumzo hayo hubebwa na USSD, njia ya mawasiliano ambayo, tofauti na ujumbe mfupi, haihifadhi maneno ili iyapeleke baadaye, bali hufungua kipindi cha moja kwa moja baina ya simu na seva, ambamo kila ukurasa hauzidi herufi 182 na anayechelewa kujibu hukatiwa.

Kwa kuwa hatua hizo hujirudia, mwenye nyumba anayelipia mita kadhaa, au karani anayejibu menyu ileile kila siku kwenye seva ya ofisi, huona faida ya kuiachia programu kazi hiyo. Njia nyepesi ni kuunganisha majibu katika msimbo mmoja, kama ilivyozoeleka katika kuongeza salio la Safaricom, ambapo *141* hufuatwa na nambari za kadi na #. Njia hiyo, hata hivyo, hutuma majibu bila kuyaona maswali.

Udhaifu huo ndio ulioshughulikiwa na Expect, programu iliyoandikwa na Don Libes mwaka 1990 katika taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, NIST. Mtumiaji wake huandika skripti, yaani maagizo yanayotekelezwa kwa mpangilio, akieleza maneno yanayotarajiwa kwenye skrini, jibu la kutuma yanapotokea, na muda ambao ukipita bila maneno hayo kuonekana kungoja hukoma. Kungoja maneno ni salama kuliko kuhesabu sekunde, kwa sababu kasi ya mtandao hubadilika. Na kutambua jina la huduma ni salama kuliko kukariri nambari yake, kwa sababu huduma mpya ikiongezwa juu ya orodha, iliyokuwa ya 3 huwa ya 4.

Palipo na pesa, ukimya wa seva si ushahidi kwamba malipo hayakufanyika, kwani kipindi kinaweza kukatika baada ya ombi kupokewa, na skripti inayorudia papo hapo ikalipa mara mbili. Ni lazima taarifa ya miamala iangaliwe kwanza. Nambari ya siri nayo isiandikwe ndani ya skripti, ambamo yeyote aifunguaye ataisoma, bali programu ifike kwenye ukurasa wa uthibitisho, kisha imwachie binadamu asome jina la mpokeaji na kiasi.

Biashara yenye malipo mengi ina njia imara zaidi, yaani Daraja, ambayo Safaricom iliifungua mwaka 2017 ili programu ziwasiliane na mfumo wa M-Pesa bila kupitia menyu iliyotungwa kwa ajili ya macho ya binadamu. Skripti ya menyu inafaa kubakizwa kwa mifumo isiyo na mlango kama huo, na ubora wake upimwe kwa uwezo wa kusoma kabla ya kasi ya kujibu.