Umenusurika shambulio la moyo? Uliza na figo zako

Mtu akitoka hospitali baada ya shambulio la moyo, majirani wa Ng'ambo humuuliza mengi. Kifua kimetulia? Ngazi za nyumba za Michenzani anaziweza? Ni nadra kuulizwa habari za figo. Lakini figo ni moja ya mambo yanayoonyesha nani yuko kwenye hatari kubwa zaidi katika miaka inayofuata.

Mwaka 2004, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa wagonjwa zaidi ya 14,500 ambao moyo wao ulidhoofika au kushindwa kufanya kazi vizuri baada ya shambulio. Waligawanywa kwa kiwango cha figo kuchuja damu, ambacho kwa kijana mwenye afya huwa 90 au zaidi. Waliokuwa na 75 na kuendelea, takriban 14 katika kila 100 walifariki ndani ya miaka mitatu. Waliokuwa chini ya 45, walifariki takriban 45 katika kila 100. Umri na kisukari vilichangia, lakini hata vilipozingatiwa, figo zilibaki kuwa hatari yenyewe.

Moyo na figo hutegemeana

Moyo uliodhoofika hupeleka damu kidogo kwenye figo. Figo zikichoka, huacha chumvi na maji mwilini, presha hupanda, miguu huvimba na moyo huzidiwa na mzigo. Madini ya potasiamu nayo yakikusanyika kwenye damu yanaweza kuvuruga mapigo ya moyo ghafla.

Usidanganywe na kukojoa vizuri. Figo zinaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake bila maumivu yoyote. Kinachoonyesha ukweli ni kipimo cha damu cha kreatinini, ambacho hutumika kukokotoa kiwango cha uchujaji, pamoja na kipimo cha protini kwenye mkojo. Kiwango kikibaki chini ya 60 kwa miezi mitatu, hayo ni maradhi sugu ya figo.

Ufanye nini?

Kama unahudhuria kliniki Mnazi Mmoja au kwengineko, omba uandikiwe namba yako na utunze karatasi. Ukipewa rufaa kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, nenda nayo. Dawa ya rangi inayotumika kupiga picha mishipa ya moyo inaweza kuziumiza figo dhaifu, na daktari akijua mapema hujipanga.

Usiache dawa za moyo kwa kusikia kwamba "zinaua figo". Dawa kama enalapril na losartani hulinda vyote viwili. Kreatinini inaweza kupanda kidogo mwanzoni, ndiyo maana damu hupimwa tena wiki moja au mbili baada ya kuanza dawa. Ukiharisha au kutapika sana, wasiliana na daktari haraka, kwani huenda akasimamisha baadhi ya dawa kwa muda.

Jihadhari na diklofenaki na ibuprofeni za duka la dawa. Goti linauma, unameza, kesho tena. Figo na moyo vyote vinalipa. Mitishamba nayo mtajie daktari.

Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, ukihesabu na iliyomo kwenye papa mkavu, ng'onda na achari. Dafu ni zuri, lakini lina potasiamu nyingi; mwenye figo dhaifu aulize kwanza. Na kabla ya kufunga Ramadhani, zungumza na daktari kuhusu maji na saa za dawa.

Kwa wenye wazee nyumbani

Mwenye kisukari au maradhi ya figo anaweza kupata shambulio jengine bila kifua kuuma. Mzee akiishiwa pumzi ghafla, akitoka jasho la baridi au akilegea, usimwambie alale kwanza. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Akivimba miguu au uzito ukipanda kilo mbili ndani ya siku tatu, usisubiri tarehe ya kliniki.

Safari ijayo, kabla hujainuka kwenye kiti, uliza: "Daktari, figo zangu zinachuja kiasi gani, na nipime tena lini?"