Moshi wa Sepang, Hesabu ya Abu Dhabi

Tarehe 2 Oktoba 2016, kwenye uwanja wa Sepang nchini Malaysia, Lewis Hamilton alikuwa akiongoza mbio bila presha yoyote. Mizunguko 40 kati ya 56 ilikuwa imekwisha. Mpinzani wake wa ubingwa, Nico Rosberg, wa timu hiyohiyo ya Mercedes, alikuwa bado anajikwamua baada ya kugongwa na Sebastian Vettel kwenye kona ya kwanza kabisa. Mara nyuma ya gari la Hamilton kukafuka moshi, na ndani ya moshi kukaonekana ndimi za moto. Akaliegesha pembeni. Mbio zake zikaishia hapo.

Tuifanye hesabu, maana ubingwa wa langalanga ni hesabu. Mshindi hupata pointi 25, wa pili 18, wa tatu 15, wa nne 12. Injini ile isingekufa, Hamilton angebeba 25, na Rosberg aliyejikokota mpaka nafasi ya tatu angekuwa wa nne na kupata 12. Badala yake mmoja akapata sufuri, mwingine 15. Pointi 28 zilihama upande kwa alasiri moja. Msimu ulipofungwa, Rosberg alikuwa bingwa kwa pointi 385, Hamilton ana 380.

Mtazamaji wa kawaida huhesabu kile dereva alichopoteza na kuishia hapo. Anayeongoza akizimikiwa na gari, anapoteza 25, lakini aliyekuwa wa pili naye anapanda na kuongezewa 7. Mwanya kati yao unabadilika kwa pointi 32. Sasa ili uzirudishe hizo 32 kwa kushinda tu, huku mpinzani akifika wa pili kila mara, kila ushindi unakupa 7. Utahitaji kushinda mara tano. Injini inakufa kwa sekunde chache. Deni lake linalipwa kwa miezi.

Hicho ndicho kilichomkuta Hamilton. Wiki moja baadaye Rosberg alishinda Japani, Hamilton akawa wa tatu, na pengo likafika 33. Zilibaki mbio nne: Marekani, Meksiko, Brazili na Abu Dhabi. Hamilton alizishinda zote nne. Rosberg alikuwa wa pili zote nne. Saba mara nne ni 28, na 28 ukizitoa kwenye 33 zinabaki tano. Rosberg hakulazimika kumshinda mwenzake tena. Alichotakiwa ni kufika.

Ni nini hasa kilichovunjika? Mercedes walieleza kwamba ni beringi ya konrodi, ile ya upande wa krenki. Fundi yeyote wa gereji za kwetu anaujua ugonjwa huo: ndio unaofanya injini inoki. Konrodi ni fimbo inayounganisha pistoni na krenki, na mahali inapoikumbatia krenki kuna vipande viwili vya chuma laini. Injini ikiwa nzima, vipande hivyo havigusani kabisa na krenki. Kati yao kuna utando wa mafuta mwembamba kuliko unywele, na uzito wote wa mlipuko unabebwa na utando huo. Presha ya oili ikishuka, hata kwa kitambo kidogo, chuma kinakutana na chuma. Kwenye gari la nyumbani utasikia kugonga na utawahi kuzima. Kwenye injini inayoruhusiwa kufika mizunguko 15,000 kwa dakika, hupati nafasi ya kusikia kitu.

Swali linalofuata huwa ni kwa nini wasitengeneze beringi pana zaidi. Wangeweza. Lakini beringi pana ina msuguano mwingi, na msuguano unakula nguvu. Oili nzito inalinda chuma, lakini nayo inaburuza. Injini ya msimu ule ilikuwa ya lita 1.6 tu, pistoni sita, turbo moja na mota mbili za umeme, na kanuni zilikataza kutumia zaidi ya kilo 100 za mafuta katika mbio nzima. Kila kisichosukuma gari mbele kilikuwa mzigo, na uimara ulihesabiwa kama mzigo mwingine wowote. Wahandisi wa Brixworth, Uingereza, ambako Mercedes hutengeneza injini zake, walikuwa wakitembea kwenye ukingo wa shimo kwa makusudi, wakijua kina chake.

Na wasingeweza kubadilisha injini kila wiki. Mwaka 2016 kila dereva aliruhusiwa seti tano za sehemu kuu za injini kwa mbio 21. Ukizidisha, unarudishwa nyuma kwenye mstari wa kuanzia. Kwa hiyo injini iliyokufa Aprili hudai tena Agosti. Nchini China hitilafu ya injini ilimzuia Hamilton kuweka muda wowote wa kupanga nafasi, akaanzia mwisho na kumaliza wa saba. Urusi tatizo kama hilo lilimwanzisha wa kumi, akafika wa pili. Akiba ya vipuri ikaisha mapema, na ilipofika Spa, Ubelgiji, timu ikaamua kumeza adhabu zote kwa mpigo: akaanza wa 21. Alimaliza wa tatu, kazi nzuri sana, lakini mshindi alikuwa Rosberg.

Mashabiki walinong'ona kuwa kuna mkono wa mtu, hasa kwa kuwa baadhi ya mafundi walibadilishana kati ya gari la Hamilton na la Rosberg kabla ya msimu kuanza. Sikuamini wakati ule na siamini sasa. Injini za Mercedes zilikuwa kwenye magari manane ya timu nne, na mikosi ina tabia ya kurundikana mahali pamoja bila kutumwa na mtu.

Anayedhani 2016 ilikuwa ya ajabu aurudie msimu wa 2005. Kimi Räikkönen wa McLaren na Fernando Alonso wa Renault walishinda mbio saba kila mmoja, na bado Alonso alikuwa bingwa zikiwa zimebaki mbio mbili, akamaliza na 133 kwa 112. Räikkönen alikuwa akiongoza Imola gari lilipomvunjikia, na akiongoza Hockenheim haidroliki ilipokufa. Ufaransa, Uingereza na Italia alishushwa nafasi kumi kila mara kwa kubadilisha injini iliyotakiwa kudumu kwa mbio mbili. Pointi za miaka ile zilikuwa 10 kwa mshindi na 8 kwa wa pili. Kuzimikiwa ukiongoza kulimaanisha mwanya wa 12, na ushindi ulirudisha 2 tu. Yaani ushindi wa mara sita kufuta kosa la kipuri kimoja! Kwa maoni yangu, hakuna utaratibu wa pointi uliowahi kulipendelea gari imara dhidi ya gari lenye kasi kama ule.

Sisi tuliokua na Safari Rally hili halitushangazi. Mwaka 1963, na tena 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Ila kwenye Safari dereva mwenyewe aliweza kulitunza gari: akapunguza kwenye mawe, akasubiri kwenye tope. Kwenye langalanga ya leo sehemu kubwa ya uamuzi huo imeshafanywa kiwandani kabla dereva hajavaa helmeti.

Si kila ubingwa uliopotea ulipotelea kwenye injini, hata hivyo. Mwaka 2022 Charles Leclerc wa Ferrari alimtangulia Max Verstappen kwa pointi 46 baada ya mbio tatu, kwa sababu Red Bull ya Verstappen ilikuwa imeshazima mara mbili kwa matatizo ya mafuta. Kisha injini ya Leclerc ikafa akiongoza Uhispania, ikafa tena akiongoza Baku. Lakini mwishoni pengo lilikuwa 146. Injini mbili hazifiki huko. Ufaransa aliteleza mwenyewe akiongoza, na zipo mbio ambazo Ferrari walizitupa kwa kumwita abadili tairi wakati mbaya.

Ya 2016 ilikuwa finyu kiasi kwamba hakuna pa kujificha. Hamilton aliingia Abu Dhabi tarehe 27 Novemba akiwa nyuma kwa pointi 12. Kushinda peke yake kusingemsaidia. Alihitaji Rosberg awe wa nne au chini zaidi. Basi, akiwa na gari lenye kasi kuliko yote, akaanza kwenda taratibu. Aliongoza huku akibana njia, ili Vettel na Verstappen wamfikie Rosberg na kumpita. Timu ikamwagiza kwenye redio aongeze mwendo. Hakuongeza. Wanne hao wakavuka mstari ndani ya sekunde zisizotimia mbili, Hamilton mbele, Rosberg nyuma yake.